Vyombo Visivyo na Bahari

Kila tunaposema "kanuni za jadi za uchoraji", natamani mtu aulize: jadi ya nani? Siulizi kwa ubishi. Katika vitabu vya sanaa tulivyosomea sekondari, na baadaye katika mihadhara ya chuo, maneno hayo yana maana moja tu. Picha lazima iwe na upeo wa macho. Vitu vya mbali vinakuwa vidogo, vya karibu vinakuwa vikubwa. Mwanga unatoka upande mmoja na kivuli kinaangukia upande wa pili. Mwanafunzi anayevunja kanuni hizi kwa kutozijua anaambiwa hajui kuchora. Anayezivunja huku anazijua anaambiwa ni msanii wa kisasa. Katika mpango huo hakuna nafasi ya mtu wa tatu, yule ambaye havunji kitu chochote kwa sababu anafuata kanuni nyingine kabisa.

Tasnifu yangu ya uzamili inamhusu huyo mtu wa tatu. Namtafuta kusini, kati ya Kilwa, Lindi na bara lake, sehemu ambayo kwenye vitabu vya historia inasifiwa kwa dhahabu, misikiti na Vita vya Maji Maji, lakini kwenye vitabu vya uchoraji haitajwi kwa urahisi. Nilipowasilisha pendekezo langu, mmoja wa wanajopo alisema kwa upole kwamba ninachokitafiti ni "mikwaruzo ya ukutani", na kwamba ingefaa nihamie idara ya akiolojia. Makala hii ni jibu langu kwake, ingawa sitegemei kwamba ataisoma.

Tuanze na huo ukuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Wageni wengi huenda kutazama Msikiti Mkuu na kuba zake, au Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Ni zama zake hizo ambapo Ibn Battuta alipita Kilwa, mwaka 1331. Wageni hao hupiga picha matao, hupiga picha mibuyu, kisha huondoka. Wachache sana husogea karibu na ukuta na kuitazama lipu yenyewe.

Katika lipu ya chokaa, Kilwa na Songo Mnara, kuna vyombo vya baharini vilivyochanjwa kwa ncha kali. Peter na Margaret Garlake waliviandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1964, na tangu hapo vimekuwa vikisomwa hasa kama ushahidi wa ubaharia: tanga lilikuwa na umbo gani, mlingoti ulisimama wapi, chombo kilishonwa au kilipigwa misumari. Ni kazi muhimu na ninaitegemea. Lakini ushahidi na picha ni vitu viwili. Ukimchukulia mtu kama shahidi, unamwuliza aliona nini. Ukimchukulia kama mchoraji, unamwuliza pia kwa nini alichora hivi na si vile.

Na hapa ndipo kanuni zetu za darasani zinapokwama. Vyombo hivi havina bahari. Hakuna mstari wa upeo, hakuna mawimbi, hakuna pwani nyuma yake. Vimechorwa ubavuni, omo upande huu na tezi upande ule, navyo vinaning'inia kwenye weupe wa chokaa. Kwa macho ya mtahini wa sekondari, huu ni mchoro usiokamilika.

Nilikwenda Songo Mnara kwa mashua, na nahodha aliyenipeleka, mzee wa Kilwa Masoko, akaamua kuingia nami kwenye magofu badala ya kunisubiri ufukoni. Nilimwonyesha chombo kimoja ukutani. Akakaa kimya akikifuata kwa kidole, bila kukigusa.

"Mzee, mbona hakuchora maji?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mwanangu, chombo kimetweka tanga. Kiko wapi kama si majini? Maji ya kuchora ya nini?"

Kisha akaanza kukisoma. Akanionyesha foromali, akanionyesha mstari mwembamba ambao mimi niliudhani ni ufa wa lipu, akasema ni jarari, kamba ya kupandishia tanga. "Huyu alikuwa mtu wa chombo," akasema. "Asiyesafiri husahau kamba. Anachora tanga zuri, halafu tanga lenyewe halishikwi na kitu." Akaongeza jambo ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo: mchoraji alikuwa ameuonyesha mkuku wote, sehemu ya chini ambayo chombo kikiwa majini haionekani. Mtu aliyesimama ufukoni asingeweza kuiona. Aliyekijenga chombo, au aliyekipandisha jangwani kukisugua na kukipaka mafuta, anaijua.

Kwa hiyo mchoro ule una kanuni. Una hata mtahini. Kosa katika mchoro wa aina hii si ukubwa usiolingana na umbali. Kosa ni kusahau kamba. Kanuni yake, kama ningeiandika ubaoni, ingekuwa hivi: onyesha kila kinachokifanya chombo kiende, acha kila ambacho mjuzi atakijaza mwenyewe.

Sasa tulinganishe kwa haki. Mwaka 1435, Leon Battista Alberti aliandika kitabu chake juu ya uchoraji huko Florence, akaeleza kwa hesabu jinsi mistari inavyoelekea kwenye nukta moja, akaifananisha picha na dirisha lililo wazi. Hiyo ndiyo mizizi ya pespektivu tunayofundishwa. Mwaka huo Songo Mnara ulikuwa mji hai, wenye nyumba za mawe, misikiti, na biashara iliyofika Bahari ya Hindi nzima. Hakuna aliye mkubwa na aliye mdogo hapa. Ni mafundi wa zama moja wanaojibu maswali mawili tofauti. Alberti anajibu: jicho moja lililosimama mahali pamoja linaona nini? Mchoraji wa ukutani anajibu: mtu anayekijua chombo anajua nini?

Na swali la pili si la kitoto. Fungua ripoti yoyote ya akiolojia juu ya Kilwa, pamoja na kazi kubwa ya Neville Chittick aliyoichapisha mwaka 1974, utakuta ramani za majengo. Ramani ya jengo inaonyesha vyumba vyote kwa pamoja kutoka juu, kana kwamba hakuna paa, na ukuta wa mbali haupungui hata kidogo. Mchoro wa ubavu wa jengo nao hauna nukta ambako mistari hukutana. Yote hayo yanakiuka pespektivu, na hakuna anayesema msanifu majengo hajui kuchora. Tunaelewa kwamba ameacha kuonyesha kinachoonekana ili aonyeshe kilivyo. Heshima hiyo tunampa msanifu mwenye digrii. Baharia wa Songo Mnara tunamnyima, ilhali alifanya jambo lile lile.

Kunyimwa huku kuna historia yake, na sehemu yake ilitokea Lindi. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kabisa kusini, mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi na kwenda bara hadi Masasi na uwanda wa Makonde. Pamoja na kukusanya vinyago, kurekodi nyimbo na kupiga picha, aliwapa watu karatasi na penseli wachore. Michoro kadhaa ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mmojawapo ni wa meli ya Rufiji, iliyokuwa ikipita pwani hii, na mchoraji wake ametajwa: Bakari, Mswahili wa Sudi, bandari ndogo kusini mwa Lindi. Aliichora kwa kumbukumbu.

Weule alistahili shukrani kwa jambo moja: hakuyatupa makaratasi yale, na baadhi ya majina aliyaandika. Lakini alikuja akiwa na swali lake. Alitaka michoro imwambie namna akili ya Mwafrika inavyofanya kazi, kama daktari anavyopima mapigo ya moyo. Bakari hakuulizwa kwa nini alichagua meli, wala ni kitu gani katika meli kisingesahaulika. Picha yake ikawa kielelezo. Na kuchora kwa kumbukumbu, ambako ni nidhamu nzito kwa mtu wa pwani anayetambua chombo kwa tanga lake kikiwa bado mbali, kukahesabiwa kuwa upungufu wa kutochora kwa kutazama.

Miaka 30 baadaye hivi, katika Chuo cha Makerere, Margaret Trowell alijaribu njia ya kinyume. Alianzisha mafunzo ya sanaa akiwa na imani kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki asilazimishwe kanuni za Ulaya. Aliwasomea wanafunzi maelezo ya tukio, nao wakachora walichokiona akilini. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma na kisha kufundisha Makerere, alitoka katika shule hiyo. Picha zake za vilima, migomba na watu wanaofanya kazi pamoja hazijali sana pespektivu. Watu wa nyuma wanaweza kuwa wazi kama wa mbele, kwa kuwa wote wanashiriki kazi moja. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Baadaye akawa Balozi wa Tanganyika huko London.

Ntiro alikuwa amesoma pia Slade, London. Hawezi mtu kusema hakuzijua kanuni. Hata hivyo, neno lililomfuata kwa miaka mingi ni kwamba anachora "kitoto". Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba nia njema ya Trowell nayo ilikuwa na mtego. Kumwambia mwanafunzi "usiige Ulaya, chora kama Mwafrika" ni kumpa kanuni nyingine, tena ngumu zaidi, kwa maana haijaandikwa mahali popote na anayeijua ni mwalimu peke yake. Kukatazwa pespektivu si uhuru. Uhuru ni kujua kila kanuni inajibu swali gani, kisha kuchagua.

Wapo watakaosema kwamba jibu tunalo tayari, nalo linaitwa Tingatinga. Hoja hii naiheshimu, maana Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa kusini. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kwenye njia ile ile inayotoka Lindi na Masasi kwenda bara. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za masonite. Hakusomea sanaa chuo chochote.

Tazama jinsi vifaa vilivyozaa kanuni. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8 ukiukata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vipande 8 bila kubakiza kitu. Ndiyo maana picha nyingi za Tingatinga ni mraba wa takribani sentimita 60. Rangi ya mafuta inang'aa na inakaa vizuri ikipakwa kwa eneo pana, lakini inasumbua ukitaka kuichanganya taratibu kutoka mwanga hadi kivuli. Basi nyuma ya mnyama panapakwa rangi moja, na mnyama anasimama mbele, mzima, ubavuni, mstari wake ukiwa wazi. Haiba ya chui wa Tingatinga inatokana na hilo. Haendi popote, haelekei kwenye nukta yoyote. Yupo, anakutazama. Nikimweka chui huyo kando ya chombo cha Songo Mnara naona ndugu wawili, ingawa sidai kwamba mmoja alimwona mwenzake.

Tingatinga alipigwa risasi na polisi na kufariki mwaka 1972. Aliowafundisha, wengi wao wakiwa ndugu na watu wa kwao kusini, waliendelea, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika ambacho hadi leo kinafanya kazi Oysterbay. Wamelea familia nyingi kwa brashi, na hakuna haja ya kuwadharau. Lakini hapo ndipo tunapoona kanuni ya nyumbani ikizeeka kama ya ugenini. Wakaongeza vidoa, wakaongeza mlima wenye theluji, wakaongeza tembo, twiga na simba katika fremu moja. Kilichoanza kama jibu la mtu mmoja kwa ubao wake na rangi yake kikawa fomu ya kujaza. Wapo wanaoivunja hadi leo. Sokoni ndiko kulikoganda, kwa sababu mnunuzi anataka kile alichokiona kwenye uwanja wa ndege.

Kilwa Masoko nilizungumza na kijana anayeishi kwa kupaka rangi. Anaandika majina kwenye mashua, anachora matangazo ya vinyozi, na msimu wa wageni anachora picha za kuuza. Nilitegemea aniambie kwamba picha ndiyo sanaa yake na mashua ni kibarua. Akasema kinyume. "Picha ya mgeni naifanya usingizini, dada. Magofu, mbuyu, jua linazama. Au twiga. Mashua ndiyo inanitoa jasho." Akaeleza kwamba rangi ya omo lazima itambulike mbali, asubuhi na jioni, na kwamba mwenye chombo ana la kusema, na fundi ana la kusema, na wavuvi wenzake watacheka ikikosewa. Kwenye picha ya mgeni hakuna wa kucheka.

Nadhani kijana huyu ameeleza kwa sentensi chache nilichohangaika nacho kurasa nyingi. Kanuni iliyo hai ina watu wanaoweza kuona kosa. Jarari ikikosekana, nahodha ataona. Rangi ya omo ikififia, wavuvi wataona. Pespektivu ya Alberti ilikuwa hai vivyo hivyo kwa mafundi wa Florence, waliobishana juu yake kwa uzi na rula. Kanuni inakufa pale inapobaki kwenye mtihani au kwenye duka, mahali ambapo hakuna anayejua tena inajibu nini. Kwa hiyo shida yangu na darasa letu si kwamba linafundisha pespektivu. Lifundishe, kuna mambo ambayo bila hiyo hayachoreki. Shida ni kwamba linaifundisha kama sheria ya macho, wakati ni jibu moja zuri kwa swali moja.

Kwa nini tugombane juu ya hili? Kwa sababu lipu haisubiri mjadala uishe. Chokaa inakula chumvi na mvua, na mstari wenye kina cha kucha unapotea mapema kuliko tao. Kila ukarabati wa ukuta ni uamuzi: wapi paimarishwe kwa chokaa mpya, wapi paachwe. Fundi akiambiwa kwamba juu ya lipu kuna picha, ataomba ipigwe picha na kupimwa kabla hajachanganya chokaa. Akiambiwa ni mikwaruzo, ataifunika, na atakuwa amefanya kazi yake vizuri. Jina tunalolipa jambo fulani chuoni Dar es Salaam ndilo litakaloamua kama litaonekana Songo Mnara miaka 50 ijayo.

Ndiyo maana siwezi kuhamia akiolojia, ingawa nitaendelea kuazima vitabu vyao. Ninachotaka ni kidogo. Orodha ya michoro ya Kilwa na Songo Mnara ifanywe na wachoraji wakiwa pamoja na wanaakiolojia, na manahodha wawili watatu wawepo, walipwe kama wataalamu wengine. Mchoro wa Bakari wa Sudi utolewe nakala na utundikwe mahali fulani Lindi, ukiwa na jina lake. Na somo la kwanza la uchoraji, kabla ya mwanafunzi kuchora ule mstari wa upeo, liwe ni swali ambalo yule mzee alinijibu kwa kicheko: mtu huyu aliacha nini, na alimwamini nani akijaze?